Mwaka Tuliodai Darasa la Mirathi

Mjukuu wangu anasoma chuo kikuu. Likizo iliyopita alikuja Kibiti amevaa shati jeupe na uso wa msiba, nikadhani amefiwa. Hakufiwa, alikuwa ametoka kwenye mkutano wa wanafunzi. Alinieleza akihesabu kwa vidole. Kozi anayoitaka haipo. Iliyopo imejaa. Ya tatu ipo, imeandikwa ubaoni kwa herufi nzuri, ila mwalimu wake hajaajiriwa. Na posho inafika wakati wameshajifunza kuishi bila kula.

"Ninyi zamani, babu, hamkuwa na matatizo haya," alisema.

Nilimjibu kuwa ni kweli, hatukuwa na matatizo yoyote. Tulikuwa na vita tu. Aliitikia kwa kichwa kama aliyeridhika, na hapo ndipo nilipoona heri niandike.

Nianze na chuo chenyewe. Kilikuwa baraza ya nyumba ya mwalimu wetu, katika kijiji cha Mbuchi: nguzo za mikoko, udongo, paa la makuti. Asubuhi baraza ilikuwa ya watoto wadogo wanaoanza kuusoma msahafu. Alasiri ilikuwa yetu, vijana tuliokwisha kuhitimu, tuliotoka vijiji mbalimbali kutafuta elimu ya juu. Elimu hiyo ya juu tulilala nayo ghalani, kati ya nyavu za mwalimu na mpunga wake.

Siku mwalimu alipotupokea, aliwatajia wazazi wetu masomo ya chuo: fikihi, yaani sheria za dini, nahau ya Kiarabu, tafsiri, falaki ya kujulia nyakati, na mirathi. Baba yangu, mkulima wa mpunga kutoka Ruaruke, aliyasikiliza majina hayo akiwa amevua kofia. Katika hayo yote, lililofundishwa lilikuwa fikihi. Katika fikihi, mlango wa tohara, yaani usafi wa ibada. Na katika tohara tulianza na maji: yapi yanafaa kutawadhia na yapi hayafai. Tulipoyamaliza, mwalimu aliona hatujayaelewa vizuri, tukayarudia. Tulikuwa tukiishi mahali ambapo maji hujaa na kupwa hadi mlangoni, mtu hata akitaka kuyakimbia hana pa kwenda, na kazi yetu kubwa ilikuwa kujadili panya aliyefia kisimani.

Baada ya maji tulifika kwenye yale yanayovunja udhu. Hapo tulikaa sana kwenye usingizi. Aliyelala ameketi, makalio yamethibiti chini, udhu wake upo. Aliyelala ubavu, udhu wake umekwenda. Tuliyajua hayo kama majina yetu, na wengi wetu tuliyafanyia majaribio wakati wa darasa.

Sisi tulitaka mirathi. Mjuzi wa tohara haitwi popote, maana kila mtu anajua kunawa. Lakini mjuzi wa mirathi alikuwa mtu hasa. Penye matanga hutandikiwa mkeka mpya. Ndugu waliokuwa wakitukanana tangu asubuhi hunyamaza akisafisha koo. Anagawa mashamba na minazi ya watu, kisha anachinjiwa kuku. Hakuna kijana pale barazani ambaye hakujiona ameketi juu ya mkeka ule, akisafisha koo.

Tatizo la pili lilikuwa riziki ya kuendeshea chuo. Chuo chetu kilikuwa na chemchemi tatu. Ya kwanza, mpunga wa wazazi baada ya mavuno. Ya pili, mwenye duka mmoja, Banyani, aliyekuwa na duka lake ng'ambo ya njia. Dini yetu haikuwa yake wala hakujifanya ni yake, lakini alitupa karatasi na mafuta ya taa, kwa sababu sauti zetu ziliwafukuza wezi dukani kwake. Hakuificha sababu hiyo.

"Someni kwa nguvu, vijana," alitupigia kelele kutoka kizingitini. "Leo mnasoma kama wagonjwa. Mafuta yangu yanaungua bure!"

Katika wafadhili wote niliowaona maishani, huyo ndiye pekee aliyejua hasa anacholipia.

Chemchemi ya tatu ilikuwa hitima. Mtu akifa, wanafunzi wa chuo huitwa, hugawana juzuu, humsomea marehemu, kisha huletewa wali. Wali wa hitima ndio uliokuwa posho yetu. Tuliomboleza kwa moyo, sisemi hapana, lakini pia tulijua nyumba gani hutia nazi ya kutosha.

Sasa vita. Havikutufikia kwa bunduki. Vilianza kutufikia kwenye sahani. Mdachi, ndiye Mjerumani, alikuwa ametaka pamba, na majumbe wakawa wakiwatoa watu mashambani mwao kwenda kulima pamba ya jumbe. Mpunga ukabaki na ndege na nguruwe. Msimu ule baba alikuja Mbuchi kuniletea mchango wa chuo, akaja na fungu la samaki wakavu na mgongo wenye alama za kiboko. Alimwomba mwalimu radhi kwa uchache wa samaki. La mgongo hakulisema, na mwalimu hakuuliza.

Kisha zikaja habari za dawa. Zilishuka kutoka juu ya mto: maji ya dawa yametokea, mtu akinyunyiziwa na kunywa, risasi ya Mdachi haimwingii. Wanaume walianza kwenda kuyapokea, na wakitoka huko wakaelekea milima ya Umatumbi. Maduka ya pwani yakachomwa moto. Mfadhili wetu alipakia majora yake ya nguo chomboni asubuhi moja, akatuachia nusu debe la mafuta.

"Someni kwa nguvu," alisema, safari hii bila kupiga kelele, akaondoka.

Basi tukaamua kudai haki zetu. Mjukuu wangu anadhani mikutano ya wanafunzi ilianza na kizazi chake. Sisi tulikutana ghalani tukamchagua msemaji, mwenzangu mmoja wa Kibiti, kijana mrefu asiyeogopa kitu chochote duniani isipokuwa mwalimu. Kasoro hiyo haikutusumbua, kwa sababu mwalimu haendewi usoni na lalamiko. Mila ya chuo ilikuwa kulipeleka kwa mkewe, huku unamsaidia kazi, naye hulifikisha pamoja na chakula cha mumewe. Tukamtwangia mpunga ule kidogo uliokuwapo mpaka ukakaribia kuwa unga.

"Haya, semeni," mama yule alisema akituangalia tunavyotoka jasho. "Mtu hatwangi namna hiyo bure."

"Mama, tunataka darasa la mirathi," alisema mwenzangu wa Kibiti.

"Na mafuta ya taa," mwingine akadakia.

"Na nahau, ikipatikana."

"Mirathi?" Mama aliacha kupepeta. "Kwani nani kafa kwenu?"

"Hakuna, mama."

"Basi mna haraka gani?"

Jibu la mwalimu lilikuja alasiri iliyofuata. Alikaa, akakunja miguu, akatutazama mmoja mmoja.

"Nimeambiwa mna haja ya mirathi."

Tukatazama mkeka.

"Nikiwafundisha mirathi leo, kesho kila mmoja wenu atarudi kwao, atakaa mkabala na baba yake, atamsikiliza anavyokohoa. Mimi nimesoma mirathi. Mwalimu wangu hakunifundisha mpaka nilipofiwa. Mirathi husomwa kwa mwenye maiti. Nani ana maiti hapa?"

"Hakuna, mwalimu."

"Alhamdulillahi. Turudi kwenye maji."

Na ndivyo, wakati nchi nzima ilipokuwa ikipigana kwa ajili ya maji, sisi tulivyorudi kuyasoma.

Mwenzangu wa Kibiti hakuvunjika moyo. Alikuwa na akili ya hesabu. Alitueleza ghalani kwamba penye vita pana vifo, penye vifo pana hitima, na penye hitima pana wali. "Vita hivi, ndugu zangu, vitatusomesha mpaka falaki," alisema. Hesabu ilikuwa safi. Alisahau kitu kimoja tu, nacho ni kwamba waliokwenda vitani walikuwa wamekunywa dawa ya kutokufa.

Habari za vifo zilikuja, tena kwa wingi. Mitumbwi ilikuja nazo kila siku. Ila hakuna aliyetajwa kuwa amekufa. Walioangushwa na risasi walisemwa wamelala. Maji yangewaamsha, jambo la subira tu. Na mtu aliyelala hasomewi hitima. Kumsomea ni kusema maji yameshindwa, na nani angekuwa wa kwanza kusema hivyo, katika kijiji ambacho kila nyumba ina mtu aliyekwenda?

Tulijaribu nyumba moja. Tulikuwa na njaa, na mwenye nyumba alikuwa amelala huko Umatumbi tangu mwezi uliopita. Tulibisha hodi kwa adabu, tukaanza kwa salamu, tukaeleza kuwa kama patahitajika kisomo, sisi tupo. Mkewe alitoka na mchi mkononi.

"Mmekuja kumwua mume wangu mara ya pili?" aliuliza. "Wazungu wamemwua mara moja hakufa, sasa mnaleta juzuu?"

Tulirudi chuoni kwa mwendo usiofaa wanafunzi wa elimu ya juu.

Hali ikawa hivyo: hakuna mpunga, hakuna mafuta, hakuna hitima, na darasa ni lile lile. Kisha mtu mmoja kutoka kwetu akapita Mbuchi, akaniita kando, akaniambia baba yangu naye amelala, huko huko Umatumbi.

Sikulia, kwa kuwa haikuruhusiwa. Hapajafa mtu. Nilimwomba mwalimu ruhusa, naye akaniruhusu bila kusema pole, kwa sababu na pole pia ingekuwa ni kusema amekufa. Mwenzangu wa Kibiti alinisindikiza. Tulivuka vijito kwa mtumbwi, kisha tukaenda kwa miguu mpaka Ruaruke. Njia nzima alizungumza habari za kila kitu isipokuwa baba, na mpaka leo namshukuru.

Nyumbani nilimkuta mama hana kaniki ya edda ya mjane wala furaha ya mke. Alikuwa kati ya viwili hivyo, na hapo katikati hapana pa kukaa. Mdogo wangu wa kike alikuwa akiambiwa kila jioni amwekee baba chakula. Aliweka, asubuhi wakakila wao.

Baba mdogo, yaani ndugu yake baba, sikumkuta nyumbani. Alikuwa shambani kwetu, juu ya dungu la baba. Dungu ni kibanda cha juu ya miti mirefu, ambako mkulima wa bondeni hukaa kulinda mpunga. Baba alilijenga mwenyewe na hakupenda mtu mwingine apande. Baba mdogo alikuwa amepanda, ametandika, na ametundika kibuyu chake.

"Karibu, mwanangu," aliniambia kutoka juu. "Namshikia kaka shamba lake mpaka aamke."

Katika waumini wote wa maji niliowaona, sikumwona aliyemshinda baba mdogo. Yeye mwenyewe hakwenda kuyanywa. Mguu ulikuwa ukimsumbua. Lakini imani yake ilikuwa kubwa. Kila aliyetia shaka alimkemea. Maana kaka akiwa amelala, shamba halina wa kulirithi, na mshikaji ni yeye. Tayari alikuwa amempa jumbe kipande cha chini, penye udongo mzuri, kilimwe pamba, na yeye akasamehewa kubebeshwa mizigo ya askari. Mama alipomwuliza, alimjibu: "Shemeji, kwani wewe ni mjane? Kama si mjane, unadai nini? Msubiri mumeo."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba shamba lingeliwa kipande kwa kipande, mama na mdogo wangu wakiwa wanaangalia, na kwamba njia ya kuzuia hilo ilikuwa moja tu: mtu aseme baba amekufa.

Siku ya pili akaja rafiki ya baba, mchonga mitumbwi, aliyekwenda naye na akarudi. Ndiye aliyeleta habari Ruaruke. Alikaa ukumbini, na baba mdogo akaja haraka kukaa karibu naye, kama wakili. Mama alikaa chumbani nyuma ya mkeka uliotundikwa mlangoni. Mwenzangu wa Kibiti alikaa kwenye kinu.

Mimi tangu utotoni nina ugonjwa wa kuuliza. Nilianza mwanzo. Walipita wapi? Akanieleza. Nani alikuwa mbele? Baba. Bunduki zilitoka upande gani? Akaonyesha kwa mkono. Baba alianguka vipi?

"Hakuanguka," baba mdogo akaingilia. "Alilala."

"Ndiyo," alisema mchonga mitumbwi, akitazama chini. "Alilala."

Sikujua niulize nini tena. Elimu yangu yote ilikuwa maji na yale yanayovunja udhu. Basi nikauliza lile nililolijua.

"Alilala ameketi, au alilala ubavu?"

Mwenzangu wa Kibiti akainua macho. Baba mdogo akacheka. "Haya ndiyo mnayosomea huko Mbuchi? Mtu kalala, unamtafutia udhu?"

"Ubavu," alisema mchonga mitumbwi.

"Ubavu gani?"

"Wa kulia."

"Alijilaza mwenyewe?"

"Tulimlaza."

"Na uso mliuelekeza wapi?"

Baba mdogo alisema maswali yametosha, mgeni apewe maji. Mchonga mitumbwi hakuyapokea. Alikuwa akiitazama mikono yake, ile iliyochimba.

"Kibla," alisema. "Tulimwelekeza kibla, mwanangu. Tulifanya haraka, lakini tulimwelekeza."

Mtu anayetarajiwa kuamka haelekezwi kibla, ubavu wa kulia, udongoni. Hilo hata mdogo wangu alilijua. Tulisikia mama anasimama kule chumbani. Alitoka akampita baba mdogo bila kumtazama, akamwinamia mchonga mitumbwi.

"Ahsante, shemeji," alisema. "Kwa kumwelekeza."

Kisha akanigeukia. "Rudi Mbuchi, ukawaite wenzako na mwalimu wako. Mchele upo kidogo. Nitaupika wote."

Baba mdogo alisimama kupinga. Alisema tutaiaibisha Ruaruke nzima, tutawavunja moyo watu, maji yatakasirika. Mama akamjibu: "Yakikasirika yatanikuta nimekaa edda. Shuka kwenye dungu la mume wangu."

Walikuja wote. Mwalimu alikuja pia, amefunga kanzu kiunoni kwa ajili ya tope. Tuligawana juzuu. Mimi nilisoma yangu, na niliisoma vizuri. Majirani walisimama mbali mwanzo, kisha wakasogea, kisha mwanamke mmoja akaketi pembeni akaanza kulia kwa ajili ya mtu wake mwingine, na baada yake waliolia hawakuhesabika. Wali ukaletwa. Wenzangu hawakuwa wameona wali kwa muda mrefu. Walikula hitima ya baba yangu kwa adabu zote, wakinong'ona pole kati ya tonge na tonge, na sinia ikarudi imelambwa. Mwenzangu wa Kibiti alilia na kula kwa wakati mmoja. Sijaona tena mtu aliyeweza vyote viwili kwa moyo mmoja.

Watu walipotaka kuondoka, mwalimu aliwaomba wakae. Baba mdogo naye alikuwapo, karibu na mlango. Mwalimu alitandikiwa mkeka mpya. Akasafisha koo.

"Wanafunzi wangu waliniomba darasa," alisema. "Niliwauliza swali. Nawauliza tena. Nani ana maiti hapa?"

Niliinua mkono.

"Sema, mwanangu."

"Mimi, mwalimu."

"Basi sikilizeni. Mtu amekufa. Ameacha mke, mtoto wa kiume, mtoto wa kike, na ndugu yake. Mke anapata nini?"

Tukatazama mkeka tena, sisi mabingwa wa maji. Akatufundisha. Mke, kwa kuwa pana watoto, thumuni. Kilichobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja.

"Na ndugu, mwalimu?" aliuliza mwenzangu wa Kibiti, kwa sauti ambayo yule mwenye duka angeifurahia.

"Penye mtoto wa kiume ndugu huzuiwa. Hana kitu."

Baba mdogo alianza kutafuta viatu vyake. Kipande cha chini hakikurudi, maana jumbe hakuwapo kwenye orodha ya warithi na hakuhitaji kuwapo. Lakini dungu lilirudi, na shamba lililobaki likawa na wenyewe.

Ndivyo lilivyofunguliwa darasa jipya katika chuo chetu, baada ya malalamiko yetu kusikilizwa kikamilifu. Mwalimu alikuwa akielekea kwenye mfano wa pili, wa mtu aliyeacha mabinti peke yao, iliposikika sauti ya mama kutoka nyuma ya mkeka wa mlangoni.

"Mwalimu, samahani. Lile la mke, hebu lisemeni tena."

Mwalimu aliacha mfano wake, akageukia mlango, akalirudia polepole, kama alivyozoea kuturudia maji.